Upasuaji wa roboti: kazi iko kitandani kuliko kwenye konsoli

Anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha upasuaji wa roboti hukodolea macho konsoli. Pale ndipo daktari ameketi, kichwa kimezama kwenye kitazamio, vidole vimo kwenye vishikio, miguu iko juu ya pedali. Waliokwisha kuizoea kazi hii huangalia kwingine kwanza. Huangalia mgonjwa amelazwaje, matundu yametobolewa wapi tumboni, na ni nani amesimama kando ya kitanda. Ukifuatilia operesheni iliyokwenda mrama, mara nyingi chanzo utakikuta hapo, na mara nyingine kilikuwepo hata kabla daktari hajakaa.

Mashine yenyewe haiamui lolote. Ina sehemu tatu: konsoli, gari lenye mikono linaloegeshwa karibu na mgonjwa, na mnara wa video unaobeba skrini, taa ya kamera na mashine ya umeme wa kukatia na kuunguzia. Katika mifumo ya da Vinci, ambayo ndiyo imeenea zaidi, gari huwa na mikono minne, mmoja wa kamera na mitatu ya vifaa. Daktari akibana vidole, koleo hufumba. Akikunja kifundo cha mkono wake, kifundo cha koleo nacho hukunjika, ndani ya tumbo, mita chache kutoka alipokaa. Akitoa kichwa kwenye kitazamio, sensa hulihisi hilo na mikono hubaki pale pale ilipo. Mwendo wote wa mashine unatoka kwa binadamu, mwendo mzuri na mwendo mbaya vilevile.

Safari ya teknolojia hii ni ndefu kuliko inavyosemwa. Mwaka 1985 mkono wa kiwandani uitwao PUMA 560 ulitumika kuongoza sindano ya kuchukua kipande cha nyama ya ubongo kwa kufuata picha za CT. Mwaka 2000 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliruhusu da Vinci itumike kwa upasuaji wa tumbo. Tarehe 7 Septemba 2001, daktari wa upasuaji Mfaransa Jacques Marescaux akiwa New York alimtoa kibofu cha nyongo mgonjwa aliyelazwa Strasbourg, Ufaransa, ishara zikipita kwenye nyaya chini ya bahari kwa kuchelewa wastani wa milisekunde 155. Watu hulitaja tukio lile kama ndoto ya upasuaji wa mbali. Kinachosahaulika ni kwamba Strasbourg palikuwa na timu kamili ya madaktari kando ya mgonjwa, tayari kushika kazi muda wowote.

Sasa, faida iko wapi hasa? Iko kwenye nafasi finyu. Chukua mfano wa kuondoa tezi dume yenye saratani. Tezi imejificha nyuma ya mfupa wa kinena, chini kabisa ya fupanyonga, na ikishatolewa ni lazima shingo ya kibofu cha mkojo iungwe na mrija wa mkojo kwa mshono unaozunguka duara zima. Kwa vifaa vya kawaida vya upasuaji wa matundu madogo, ambavyo ni fimbo zilizonyooka, mshono wa upande wa chini wa duara ni mateso: sindano inakuja kwa pembe isiyofaa na mkono hauna pa kugeukia. Kifaa cha roboti kina kifundo chake karibu na ncha, na jumla ya mielekeo saba ya mwendo. Sindano inaingizwa kwa mkono wa nyuma, kwa mkono wa mbele, kutoka chini kwenda juu, bila mwili wa daktari kujipinda.

Kuna na mengine yanayoongeza utulivu. Mashine huchuja mtetemo wa vidole. Hupunguza mwendo pia: ukiweka uwiano wa tatu kwa moja, mkono ukisogea sentimita tatu ncha husogea moja. Picha ina kina, kwa kuwa kila jicho hupata picha yake, na inaweza kukuzwa hadi mara kumi. Kamera haishikwi na msaidizi aliyechoka; daktari huisogeza mwenyewe kwa pedali, kisha inatulia.

Upasuaji wa kutoa sehemu tu ya figo nao unafaidika sana. Ateri ya figo inabanwa, uvimbe unakatwa, kisha kitako cha jeraha kinashonwa haraka kabla figo haijaumia kwa kukosa damu. Wengi hulenga kumaliza chini ya dakika 25. Hapo uwezo wa kushona upesi ndani ya kona ndiyo tofauti kati ya kuokoa figo na kuitoa yote. Kwa wagonjwa wenye unene mkubwa pia mikono ya roboti haichoki kusukumana na ukuta mnene wa tumbo, ilhali mabega ya daktari huchoka.

Lakini ni lazima kuuliza: faida ukilinganisha na nini? Hapa ndipo matangazo huchezea watu. Ukilinganisha roboti na upasuaji wa kufungua tumbo, damu inayopotea huwa kidogo, maumivu hupungua na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Ukilinganisha na laparoskopia ya kawaida, yaani upasuaji wa matundu madogo bila roboti, iliyofanywa na mtu stadi, pengo hujifinya sana na mara nyingine hupotea. Utafiti wa ROLARR uliochapishwa mwaka 2017 uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 471 wa saratani ya puru. Waliolazimika kufunguliwa tumbo katikati ya operesheni walikuwa asilimia 8.1 upande wa roboti na asilimia 12.2 upande wa laparoskopia, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuthibitisha kwamba roboti ni bora. Brisbane, Australia, mwaka 2016, utafiti wa tezi dume ulionyesha kwamba wiki 12 baada ya operesheni uwezo wa kuzuia mkojo na nguvu za kiume haukutofautiana kati ya roboti na upasuaji wa wazi. Kwa kutoa kibofu cha mkojo, utafiti wa iROC wa Uingereza wa mwaka 2022 ulihesabu siku ambazo mgonjwa alikuwa hai na nje ya hospitali ndani ya siku 90: 82 kwa roboti, 80 kwa upasuaji wa wazi. Siku mbili zina maana. Hazina maana ya muujiza.

Kisha kuna onyo kubwa zaidi. Mwaka 2018 utafiti wa LACC juu ya saratani ya mlango wa kizazi ya hatua za mwanzo ulishtua wengi. Baada ya miaka 4.5, wanawake waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 86.0 kwa waliopasuliwa kwa matundu madogo, na asilimia 96.5 kwa waliofunguliwa tumbo. Wengi wa kundi la kwanza walipasuliwa kwa laparoskopia na wachache kwa roboti, lakini funzo linazihusu njia zote mbili. Februari 2019 FDA ilitoa tahadhari juu ya kutumia roboti katika saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi. Kwa hiyo anayesema roboti ni nzuri au mbaya kwa ujumla hajaanza kuongea jambo. Inapimwa operesheni moja moja, ugonjwa mmoja mmoja.

Tuje kitandani.

Operesheni za fupanyonga huhitaji utumbo uteleze kuelekea kifuani ili kuacha nafasi, kwa hiyo kitanda huinamishwa kichwa kikiwa chini, digrii 25 hadi 30. Jaribu kulala hivyo dakika tano utaelewa. Mgonjwa atakaa hivyo saa tatu, nne, mara nyingine zaidi, akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli na hawezi kulalamika. Jambo la kwanza ni kumzuia asiteleze. Godoro la sponji au jeli lisiloteleza huwekwa moja kwa moja chini ya ngozi ya mgongo, bila shuka katikati, kwa sababu shuka huteleza juu ya sponji. Vizuizi vya mabega vinaonekana kama suluhisho rahisi, lakini uzito wote wa mwili ukiegemea bega, fungu la mishipa ya fahamu linalotoka shingoni kwenda mkononi huvutika, na mgonjwa anaamka mkono haunyanyuki. Godoro zuri ni salama kuliko vizuizi. Mikono hufungwa kando ya mwili, viganja vikielekea mapaja, viwiko vimewekewa pedi. Kabla ya kumfunika mgonjwa, inamisha kitanda hadi mwisho na usubiri kidogo, uone kama amesogea. Hilo huchukua dakika mbili. Akiteleza sentimita tatu baada ya mikono ya roboti kuunganishwa, matundu ya tumbo ndiyo yatakayobeba uzito, na ukuta wa tumbo utachanika kwenye kila tundu.

Miguu ikiwa imenyanyuliwa kwenye vishikio, damu hufika kwenye mashavu ya miguu kwa shida. Operesheni ikivuka saa nne, hatari ya misuli ya shavu la mguu kuvimba ndani ya ala zake na kufa huongezeka. Soksi au mifuko ya hewa ya kuminya miguu husaidia kuzuia damu kuganda, lakini haiondoi hatari hiyo, na mnene mwenye mashavu makubwa ya miguu aliyebanwa kwenye kishikio kidogo yuko hatarini zaidi. Wapo wanaopanga kabisa mapumziko: mikono ya roboti inatenganishwa, miguu inashushwa dakika kadhaa, kazi inaendelea. Kwa operesheni ndefu ni busara.

Mtaalamu wa usingizi naye ana orodha yake, na ni ndefu. Kichwa kikishuka, kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) na mapafu husukumwa juu, na mpira wa kupumulia unaweza kuingia kwenye bomba la pafu la kulia; kwa hiyo husikiliza mapafu upya baada ya kuinamisha, si kabla tu. Tumbo limejazwa gesi ya kaboni dioksidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, na gesi hiyo hupenya kwenye damu, hivyo upumuaji huongezwa ili kuitoa. Uso huvimba, na koo pia linaweza kuvimba. Kabla ya kutoa mpira mwishoni, ni vizuri kuhakikisha hewa inapita kando yake. Macho hufungwa kwa plasta na kulindwa, kwa kuwa konea huchubuka kirahisi na presha ya jicho hupanda katika mkao huo. Mwenye glakoma atajwe mapema, siyo asubuhi ya operesheni.

Dawa ya kulegeza misuli haipunguzwi mapema. Kwenye laparoskopia ya kawaida mgonjwa akikohoa, mikono ya daktari inafuata mwendo wa tumbo. Mikono ya roboti haifuati. Imeshikilia mahali pake angani, na tumbo likiruka, tumbo ndilo linaloumia. Mgonjwa abaki amelegea mpaka mkono wa mwisho utenganishwe.

Matundu nayo yana hesabu yake. Kosa la kawaida la timu mpya ni kupima kabla ya gesi. Tumbo likijaa hutanuka, alama zilizokuwa karibu zinaachana, na mstari uliokuwa sawa unapinda. Jaza gesi kwanza, kisha chora. Kwa mifumo ya sasa yenye mikono myembamba, trokari, yaani mirija ya kupitishia vifaa, huwekwa karibu sentimita 8 moja hadi nyingine, na kati ya sentimita 10 na 20 kutoka shabaha. Zikikaribiana mno, mikono inagongana nje ya mwili, na daktari ndani ya konsoli anahisi tu kwamba kifaa kimegoma kwenda kushoto, bila kujua kwa nini. Zikiwa mbali mno, kifaa hakifiki. Trokari ya msaidizi, ambayo mara nyingi ina upana wa milimita 12, lazima iwe mahali ambapo mkono wake utapita bila kugonga roboti. Watu huikumbuka mwisho, kisha msaidizi anafanya kazi saa tatu mgongo umepinda.

Kila trokari ya roboti ina mkanda mweusi mnene. Huo ndio unaoonyesha sehemu isiyosogea, mahali ambapo mashine huchukulia kuwa ndio mhimili wa mwendo wote. Mkanda huo ukae ndani ya ukuta wa tumbo. Ukiingizwa kwa kina au ukitoka nje, kila mwendo wa kifaa huvuta ngozi na misuli badala ya kuzunguka ndani ya tundu. Mgonjwa atalipia kwa maumivu ya ukuta wa tumbo, na hakuna atakayejua sababu. Kwa kuwa trokari huteleza polepole kadiri kazi inavyoendelea, muuguzi wa kitandani huangalia mikanda hiyo tena na tena.

Baada ya mikono kuunganishwa, kitanda kisiguswe. Isipokuwa kama kitanda kimeunganishwa na roboti kwa mfumo maalumu unaosogeza vyote pamoja, kubadili pembe ya kitanda huku trokari zimeshikwa ni kumchana mgonjwa. Rimoti ya kitanda iwekwe mbali, na kila aliyemo chumbani aambiwe kwa sauti: tumeunganisha.

Msaidizi wa kitandani ndiye mtu anayedharauliwa kuliko wote katika kazi hii, na ndiye anayeona asichokiona daktari. Angalia kinachotokea pale mkono wa tatu unapoelekezwa upande wa goti la mgonjwa. Kwenye skrini koleo linaenda vizuri, tishu inavutwa taratibu. Nje, kiwiko cha roboti kinashuka sentimita kwa sentimita kuelekea paja lililofunikwa kwa shuka. Daktari hakioni, maana uso wake uko ndani ya kitazamio. Msaidizi anaingiza ngumi yake kati ya chuma na paja, ngumi ikibanwa anasema, "Simama, mkono wa tatu unagusa paja." Daktari anajibu, "Mkono wa tatu, nimesimama." Kurudia kauli si adabu za jeshi. Daktari amewapa wenzake mgongo, sauti inapita kwenye spika, mashine zinanguruma, na agizo ambalo halijarudiwa lihesabiwe kuwa halijasikika.

Kifaa kinapobadilishwa, kiingizwe kikionekana kwenye kamera. Mashine hukumbuka mahali kifaa cha mwanzo kilipokuwa na hurudisha kipya karibu na hapo, jambo linalorahisisha kazi na kuwafanya watu wazembe. Kama kati ya kutoa na kuingiza kitanzi cha utumbo kimesogea kwenye njia, kumbukumbu ya mashine haina habari.

Kwa daktari mwenyewe, ugumu mkubwa ni kutohisi. Mifumo mingi iliyopo haimrudishii vidoleni nguvu anayoitumia. Da Vinci 5, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2024, ina vifaa vinavyorudisha hisia ya nguvu, lakini hospitali nyingi bado zina mashine za vizazi vya nyuma. Bila hisia, macho hujifunza kazi ya vidole. Tishu ikivutwa sana hugeuka nyeupe kwanza, kabla ya kuchanika. Uzi ukikazwa kupita kiasi hunyooka, hung'aa, kisha hukatika ghafla. Fundo linapokaa vizuri, kingo za jeraha hugusana bila kujikunja. Mwanafunzi anayesubiri kuhisi atakata nyuzi siku nzima. Usishike uzi utakaobaki ndani kwa koleo lenye meno makali ya kushikia sindano isipokuwa kwenye mkia, maana koleo huuponda na utakatika baadaye, mgonjwa akiwa wodini.

Kifaa kilicho nje ya picha ni hatari kuliko kilicho ndani. Daktari anasogeza kamera karibu ili aone mshipa, koleo la kushoto linabaki nje ya fremu, na mkono wake wa kushoto unaendelea kusogea kwa mazoea. Ini au wengu vinachubuka bila mtu kuona. Sheria ni moja: kifaa kisichoonekana hakisogezwi.

Umeme unahitaji aya yake. Mkasi unaopitisha umeme huvalishwa kifuniko cha plastiki laini karibu na ncha, na ncha peke yake ndiyo huachwa wazi. Kifuniko kikivaliwa vibaya, kikichanika kwa kusuguana na kifaa kingine au kikitumika zaidi ya kilivyopangiwa, umeme huruka pembeni na kuunguza kilicho jirani, mara nyingi utumbo. Jeraha la kuungua siku hiyo ni alama ndogo nyeupe au halionekani kabisa. Tundu hufunguka siku kadhaa baadaye. Kabla ya kila kuingiza, muuguzi akague kifuniko kwa macho kwenye mwanga, na mkasi usitumike kama nyundo ya kusukumia vifaa vingine.

Uchambuzi mmoja wa ripoti zilizopelekwa FDA kati ya 2000 na 2013 ulikuta taarifa 10,624 za matukio mabaya ya upasuaji wa roboti, zikiwemo vifo 144 na majeruhi 1,391; taarifa 8,061 zilikuwa za hitilafu za kifaa. Miongoni mwa hitilafu zilizojitokeza sana ni vipande vya vifaa kuungua au kuvunjika na kuangukia ndani ya mgonjwa, na cheche za umeme. Ripoti hizo hutumwa bila mpangilio mmoja na haziwezi kukupa kiwango halisi cha hatari. Zinakuonyesha tu mahali pa kuangalia, na ni palepale: ncha, kifuniko, kebo.

Ndani ya kila kifaa kuna nyaya nyembamba zinazopita kwenye kapi ndogo hadi kwenye kifundo. Uzi mmoja wa waya ukianza kufumuka, kifundo kinalegea upande mmoja, kisha kinagoma. Kagua kebo kwenye kifundo kabla na baada ya kazi, ukikunja kila upande. Vifaa hivi vina idadi maalumu ya matumizi iliyoandikwa kwenye chipu. Vingi vilikuwa na matumizi 10, vingine vya sasa vina zaidi, na mashine hukataa kukitambua kifaa kilichofikisha mwisho. Idadi inahesabiwa hata kama ulikitumia dakika mbili, kwa hiyo kufungua kifaa "tuone kama kitafaa" ni anasa.

Usafishaji ni kazi kubwa zaidi kuliko vifaa vya kawaida, kwa sababu damu huingia ndani ya bomba na kwenye kapi. Kifaa kisiachwe kikauke. Kinasukumwa maji kupitia matundu yake ya kusafishia, kinalowekwa kwenye dawa ya vimeng'enya, ncha inapigwa brashi ikisogezwa pande zote, kinaingia kwenye mashine ya mawimbi ya sauti, kinasuuzwa, kinakaushwa, ndipo kinaenda otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke. Anayeruka hatua ya kusukuma maji atakipeleka kwenye otoklevu kikiwa na damu ndani, na mvuke hautaifikia.

Kamera hupata ukungu kwa sababu lenzi ni baridi na tumbo lina joto na unyevu. Ipashe kwenye maji ya vuguvugu yaliyotakaswa kabla ya kuingiza. Gesi baridi inayoingia kupitia trokari ileile ya kamera huongeza ukungu. Hamishia bomba la gesi kwenye trokari nyingine.

Hitilafu za mashine ni za aina mbili. Kuna zinazorekebishika: taa inageuka njano, ujumbe unatokea, sababu inaondolewa, kitufe kinabonyezwa na kazi inaendelea. Kuna zisizorekebishika: taa nyekundu, mfumo unazimwa na kuwashwa upya, na ukikataa, roboti inaondolewa. Betri ya akiba kwenye gari la mgonjwa inatosha kutenganisha mikono, haikuwekwa kwa ajili ya kumalizia operesheni. Koleo likiganda likiwa limeuma tishu, kipo kifunguo maalumu cha kulifungua kwa mkono; kikae mahali ambapo kila mtu anapajua, siyo kwenye droo ya fundi.

Damu ikichuruzika ghafla, ndipo mpangilio wa timu huonekana. Koleo moja linabaki limekandamiza shashi juu ya mshipa, na shinikizo la gesi hupandishwa kwa muda mfupi. Daktari wa pili tayari ananawa. Kama uamuzi ni kufungua tumbo, vifaa vyote vinanyooshwa na kutolewa isipokuwa kile kinachozuia damu, kamera inabaki mpaka mwisho, mikono inatenganishwa na trokari, gari linarudishwa nyuma, na kifaa cha mwisho kinatolewa mkono wa mtu ukiwa tayari umeshika mahali pake. Kila mmoja awe na kazi moja aliyoijua kabla. Trei ya upasuaji wa wazi iwe ndani ya chumba, imehesabiwa, tangu asubuhi. Timu isiyofanya zoezi hili mara kwa mara itasimama ikitazamana.

Kuhusu mafunzo, njia nzuri inaanzia kitandani. Anayetaka kukaa kwenye konsoli asaidie kwanza operesheni nyingi akiwa msaidizi, ajue mikono inavyogongana, ndipo aende kwenye kiigizo cha kompyuta, kisha konsoli pacha ambako mwalimu anaweza kuchukua vifaa wakati wowote. Operesheni igawanywe vipande: leo anafungua njia tu, baadaye anashona, mwisho anamaliza yote. Na timu isibadilishwe kila siku. Daktari mzoefu akipewa wauguzi wageni kila wiki, muda wa kuunganisha mikono hautashuka.

Hospitali inayofikiria kununua iangalie wingi wa wagonjwa wanaofaa kabla ya kuangalia bei ya mashine. Gharama kubwa ziko nyuma yake: mkataba wa matengenezo wa kila mwaka, vifaa vyenye ukomo wa matumizi, plastiki za kufunika mikono kila operesheni, na fundi anayeweza kufika siku hiyohiyo. Mashine inayotumika mara moja kwa wiki ni ghali kwa kila mgonjwa, na mbaya zaidi, haiwapi madaktari wingi wa kutosha kubaki stadi.

Mgonjwa aelezwe mambo haya kwa lugha ya kawaida kabla ya kutia saini: kwamba daktari ndiye anayepasua; kwamba tumbo linaweza kufunguliwa, na hilo si kushindwa; kwamba bega linaweza kuuma siku moja au mbili kwa sababu ya gesi iliyobaki chini ya kiwambo; kwamba uso utaamka umevimba. Ana haki ya kuuliza daktari amefanya operesheni ngapi za aina hiyo na ni wangapi walilazimika kufunguliwa. Na akishafika nyumbani, ajue kwamba maumivu ya tumbo yanatakiwa yapungue kila siku. Yakianza kuongezeka siku ya pili, ya tatu au baadaye, tumbo likajaa, homa ikapanda au moyo ukaenda mbio, arudi hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kliniki, na amwambie wa mapokezi kwamba amefanyiwa upasuaji wa matundu madogo, maana makovu madogo huwadanganya hata wahudumu.